Kuongoza programu za vijana walio hatarini Nakuru: mwongozo kamili, kuanzia rejista ya shule mpaka kwa mfadhili

Hii nimeandikia mtu amepewa kazi ya kuongoza programu kwa shirika dogo la vijana, awe ni Kaptembwa, Rhonda, Bondeni ama kule Kisumu upande wa Nyalenda na Obunga, na ameambiwa tu "saidia hawa vijana wasiharibike" halafu akaachiwa ofisi, kompyuta na ripoti ya mwaka jana. Ni kazi nzuri sana lakini ni rahisi kuifanya vibaya bila kujua. Unajaza ukumbi watoto mia mbili, soda na mkate, bango nyuma, picha zinatoka poa, na saa hiyo hiyo yule mtoto mmoja alikuwa anahitaji mtu yuko jaa la taka la Gioto anaokota vyuma. Msimamo wangu nauweka hapa mapema: kumwahi kijana ni kumpata wakati shule ndio inaanza kumpoteza, kabla mtaa haujamchukua, na kumpatia mtu mzima mmoja ambaye haendi mahali. Hayo mengine yote yanazunguka hapo.

Hatua ya 1: amua ni mtoto yupi unamtafuta

"Vijana walio hatarini" inakaa sawa kwa proposali lakini huku chini haikusaidii, kwa sababu kwa hiyo lugha kila mtoto wa Rhonda yuko hatarini. Chagua umri na uchague dalili. Mimi nasema miaka 10 mpaka 14. Hapo ndio mtoto anaanza kuwa na marafiki mama hawajui, ndio wakubwa wa besi (kijiwe cha mtaa) wanaanza kumtuma vitu vidogo vidogo, peleka hii pale, simama kwa kona uangalie kama karao (polisi) wanakuja, analipwa chipo ya hamsini na anaona ameheshimiwa. Sheria pia inakupa nafasi kwa huo umri. Sheria ya Watoto ya 2022 ilipandisha umri wa kushtakiwa kwa kosa la jinai kutoka miaka 8 hadi 12, na aliye chini ya miaka 14 inachukuliwa hajui kutofautisha jema na baya mpaka korti ithibitishiwe vingine. Sasa tumia hiyo nafasi.

Dalili ni kukosa shule. Sio tabia mbaya, sio matusi, ni kukosa shule, kwa sababu hiyo inaandikwa kila asubuhi na mtu hahitaji kubahatisha. Nenda kwa mwalimu wa darasa, umsalimie vizuri, umuombe mkae na rejista ya mwezi mmoja. Usiangalie jumla ya siku peke yake, angalia ni siku gani. Chukua watoto watatu wa darasa moja. Wa kwanza anakosa Jumatatu, kila Jumatatu. Wa pili hakosi kwa mpango, lakini akikosa ni siku tatu kwa mkupuo. Wa tatu anakuja kila siku ila anaingia saa nne. Kwa rejista wote wanaonekana watoro tu. Ukifika kwa ploti ndio unaona: huyu wa kwanza ana yunifomu moja, inafuliwa Jumapili jioni kwa sababu wikendi pia anaivaa, na mvua ikinyesha haikauki. Wa pili anabaki na mtoto mchanga mama akiitwa kibarua cha kufua nguo Milimani, na mama hawezi kataa hiyo kibarua kwa sababu ndio chakula. Wa tatu usiku anazunguka na wakubwa kukusanya skrepu (vyuma chakavu), ingine ya kuokota na ingine si ya kuokota, kwa hivyo asubuhi haamki.

Ukiwaita wote watatu semina ya nidhamu umesaidia sifuri. Wa kwanza anahitaji shati na kaptura ya pili, imeisha hiyo. Wa pili anahitaji mpango wa mtoto mchanga, jirani wa kuaminika ama kidei-kea cha mtaa ambacho mnaweza kusaidia kulipa siku za kibarua. Wa tatu ndio wako kabisa, na umempata mapema kwa sababu bado anakuja, ata kama ni saa nne.

Kuna nyakati za mwaka lazima uwe macho zaidi: kuingia gredi ya 7, kuingia sekondari ya juu baada ya gredi ya 9, na Januari yote wakati kila mzazi ameishiwa. Wengi hawaachi shule kwa kuamua. Wanakaa wiki mbili wakingoja pesa, halafu wanaona aibu kurudi.

Hatua ya 2: karatasi na ruhusa

Hapa sitakaa sana lakini usiruke. Hakikisha shirika liko sawa kisheria: Sheria ya Mashirika ya Manufaa ya Umma ya 2013 ilianza kutumika Mei 2024 ikachukua nafasi ya ile ya NGO ya 1990, kwa hivyo kama cheti chenu ni cha zamani uliza bodi mmefika wapi na mabadiliko. Halafu piga raundi ya heshima: afisa wa watoto wa kaunti ndogo, ofisi ya elimu ya kaunti ndogo, chifu na naibu wake, wazee wa Nyumba Kumi (wale wa usalama wa mtaa). Enda mwenyewe na barua, usitume kijana wa ofisi. Uliza pia kamati ya ushauri ya watoto ya eneo lako, ile wengi bado wanaita AAC, inakaa lini, na uombe kiti. Na wale wahamasishaji wa afya ya jamii wanaotembea nyumba kwa nyumba, hao wanajua familia kuliko ofisi yoyote, fanya urafiki nao wiki ya kwanza.

Kila mtoto anaingia kwa programu na sahihi ya mzazi ama mlezi. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka idhini ya mzazi au mlezi kabla ya kushughulikia habari za mtoto, na ata kama haingetaka, ni adabu. Msomee mzazi fomu kwa lugha anaelewa, usimpe tu kalamu.

Hatua ya 3: ulinzi wa watoto kabla ya mtoto wa kwanza kuingia

Hii ndio hatua siruhusu mtu aseme "tutafanya baadaye". Shirika la watoto linavutia watu wazuri na pia linavutia watu wabaya, na hao wabaya hujitolea sana, wanakuja mapema wanaondoka mwisho. Kila mtu atakayegusana na watoto, volontia pia, mgeni wa mfadhili pia, awe na cheti cha mwenendo mwema kutoka DCI, idara ya upelelezi ya polisi (mtu anaomba kwa eCitizen, tovuti ya huduma za serikali) na watu wawili wa kushuhudia tabia yake ambao wewe mwenyewe umewapigia simu. Hakuna mtu mzima kukaa na mtoto mmoja chumba kimefungwa. Hakuna kumpeleka mtoto kwako, ata mvua ikinyesha. Picha za watoto haziingii kwa simu ya mtu binafsi wala kwa grupu ya WhatsApp.

Andika kwa karatasi moja, ibandike kwa ukuta: tukisikia mtoto ameumizwa tunafanya nini. Simu ya watoto ni 116, ni bure. Afisa wa watoto anajulishwa siku hiyo hiyo. Kama ni kunajisiwa, hospitali kwanza na haraka, kwa sababu dawa ya kuzuia virusi vya HIV inatakiwa ianze ndani ya saa 72, mtoto asioshwe, nguo zisifuliwe, ziwekwe kwa mfuko wa karatasi. Baada ya hapo ni dawati la jinsia na watoto kwa polisi. Utakutana na familia ambazo zimekaa chini na familia ya mshukiwa zikaelewana, mbuzi ama elfu ishirini, na zitakuomba unyamaze. Usinyamaze. Kesi ya kunajisi chini ya Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006 sio ya wazee kumaliza, na mtoto akiona mmekula njama na wakubwa hatakuambia kitu tena maisha yake yote.

Hatua ya 4: watu wa kufanya kazi

Tafuta menta, yaani yule mtu mzima wa kumfuata mtoto karibu, ambaye amekulia hapo ama anaishi hapo, wa miaka ishirini na kitu mpaka thelathini na kitu, ambaye akipita saa moja usiku watu wanamsalimia. Digrii ni nzuri lakini sio ya kwanza. Nauliza kitu kimoja kwa intavyuu: "Niambie juu ya mtu mlikosana naye na mkapatana." Anayejibu vizuri huwa anaweza kukaa na mtoto mkaidi bila kupandwa na hasira.

Walipe. Ata kama ni posho ndogo, iwe ya kila mwezi, ifike kwa M-Pesa tarehe ile ile. Menta akikaa miezi mitatu bila malipo ataondoka, na mtoto ambaye baba aliondoka, mjomba akaondoka, sasa na menta ameondoka, amefunzwa tena somo lile lile. Bora uwe na menta wanne wanalipwa kuliko kumi na tano wa fulana. Kila mmoja asizidi watoto 12 hivi, kwa sababu kila mtoto anakuja na mama, shosho (bibi), mwalimu na landilodi.

Kila wiki kaa na menta mmoja mmoja, nusu saa, mlango umefungwa simu zimezimwa. Uliza kesi, halafu umuulize yeye analala aje. Wanabeba vitu vizito.

Kama unafikiri vijana bila shahada hawawezi, angalia Shamiri, shirika la afya ya akili ya vijana hapa kwetu Kenya: walitumia vijana waliomaliza sekondari kuongoza vikao 4 tu vya kikundi na wanafunzi wa sekondari, na utafiti ukaonyesha dalili za huzuni na wasiwasi zilipungua. Siri ni mafunzo mazuri, mwongozo ulioandikwa na mtu wa kuwasimamia.

Hatua ya 5: kazi yenyewe, wiki kwa wiki

Anza na onyo. Marekani, mjini Cambridge na Somerville kule Massachusetts, mwaka wa 1939 walianza programu ya wavulana 506, nusu wakapewa msaada kwa miaka kadhaa, washauri wa kuwatembelea nyumbani, masomo ya ziada, matibabu, kambi za likizo, na nusu hawakupewa. Kila mtu alidhani imesaidia, ata wavulana wenyewe wengi walisema imesaidia. Mtafiti Joan McCord akawafuatilia, na mwaka wa 1978 akachapisha matokeo ya baada ya miaka 30: waliosaidiwa hawakuwa bora, na kwa mambo mengine kama ulevi na kurudia makosa walikuwa vibaya zaidi. Alipochimba tena akaona shida ilikuwa kwa wale walipelekwa kambi zaidi ya mara moja. Ukikusanya wavulana wenye matatizo peke yao, wanafundishana, na mwenye hadithi kali zaidi ndio anakuwa mfalme.

Kwa hivyo usifanye kikundi cha "wale wasumbufu". Kikundi cha watoto 10, watatu ama wanne ndio wako na dalili, wengine ni wanafunzi wa kawaida wa darasa lao, na usitangaze nani ni nani. Na ile safari ya kuwapeleka watoto jela ya Nakuru waogope, achana nayo kabisa, ata chifu akiipenda. Wamarekani waliijaribu sana tangu miaka ya 1970 na tafiti zikikusanywa pamoja zinaonyesha watoto waliopelekwa walifanya makosa zaidi kuliko wenzao ambao hawakupelekwa.

Ya kufanya ni hii. Kikao cha kikundi mara moja kwa wiki shuleni, saa ya klabu, sio wikendi wakati wanaohitaji hawaji. Kuna zoezi moja napenda, linatoka Chicago kwa programu inaitwa Becoming a Man. Gawanya watoto wawili wawili, mpe mmoja mpira mdogo, mwambie mwenzake ana sekunde 30 kuutoa kwa ngumi yake. Utaona vurugu, kuvutana, vidole kukunjwa, mwingine anaumwa, kiti kinaanguka. Sekunde zikiisha waulize swali moja tu: kuna mtu aliomba? Kutakuwa kimya, halafu mmoja atasema "angekataa", na mwenye mpira atasema "hapana, ningekupea, ni mpira tu". Hapo ndio kikao kinaanza. Ongea juu ya zile sekunde kabla mkono haujaenda, ni nini mtu alifikiria, na ilikuwa kweli ama alijiambia tu. Utafiti wa kule ulipata kwamba wavulana wakiwa ndani ya programu, kukamatwa kwao kwa makosa ya fujo kulipungua karibu nusu. Na hakuna mahali walihubiriwa.

Mafunzo ya kichwa peke yake hayatoshi pahali hakuna chakula. Monrovia, Liberia, vijana 999 wa mtaani waligawanywa, wengine wakapata wiki 8 za mafunzo ya kudhibiti hasira na mawazo, wengine dola 200, wengine vyote viwili, wengine hawakupata kitu. Waliofuatiliwa baada ya miaka 10 wakionekana bado wizi na fujo ziko chini ni waliopata vyote viwili. Hao walikuwa watu wazima, sio watoto, lakini mimi naona funzo linafika: weka kwa bajeti pesa ya yunifomu, viatu, chakula cha shule, na ipitie kwa mzazi ili heshima yake ibaki nyumbani.

Nyumbani menta anaenda kila wiki mbili. Asiende kama polisi wala kama mtu wa sensa. "Mama, habari ya hapa? Nimepita tu kuwasalimia." Akae, akubali chai, na kitu cha kwanza aseme kuhusu mtoto kiwe kizuri na kiwe cha ukweli, "wiki hii amefika saa mbili siku tatu". Mama wengi wameitwa shule mara nyingi na kila mara ni kugombezwa. Kama ni shosho ndio analea, ama dani ukiwa Kisumu, umuulize yeye anaona nini, na umsikilize mpaka amalize.

Shuleni wewe mwenyewe ndio unaenda, kwa sababu ni mkubwa kwa mkubwa. Mtoto akitaka kusimamishwa masomo, muombe mwalimu mkuu amwache mtoto shuleni afanye adhabu ya kazi hapo hapo, kwa sababu wiki mbili nyumbani ni wiki mbili kwa besi. Viboko ni marufuku chini ya Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 lakini usiingie na sheria mkononi, ingia na pendekezo. Msichana akipata mimba, kumbusha shule kwamba kuna mwongozo wa wizara wa 2020 wa kurudi masomoni, na menta aanze kupanga kurudi kwake kabla hajajifungua, sio baada.

Hatua ya 6: kikao cha kesi

Jumatatu asubuhi, saa moja na nusu, menta wote. Usipitie watoto wote, pitia watano ambao kuna kitu kimebadilika. Kila mmoja: nini kimetokea, nani ameongea naye, tunafanya nini, nani, kabla ya siku gani. Inaandikwa, na Jumatatu ijayo mnaanza na hizo ahadi. Uwe na karatasi ya simu za kazi: afisa wa watoto, dawati la jinsia, kliniki, mwalimu wa ushauri nasaha wa kila shule, na 1192 ya NACADA, mamlaka ya serikali, kwa mambo ya ulevi na madawa.

Mtoto akikamatwa, enda stesheni usiku huo na mzazi. Katiba kifungu cha 53 inasema mtoto asizuiliwe isipokuwa kama njia ya mwisho, na atengwe na watu wazima, na kifungu cha 49 kinataka aliyekamatwa afikishwe kortini ndani ya saa 24. Ongea na OCS (mkuu wa stesheni) kwa heshima, mueleze mtoto yuko kwa programu, uliza kama kesi inaweza kushughulikiwa nje ya korti, Sheria ya 2022 inaruhusu. Maafisa wengi hawataki mtoto alale kwa seli, wanangoja tu mtu mzima wa kuaminika asimame aseme "mimi nitamfuatilia".

Hatua ya 7: hesabu

Kabla ya kuanza, chukua siku za shule alizohudhuria kila mtoto muhula uliopita. Mwisho wa kila muhula chukua tena. Hiyo ndio namba yako kubwa, na ukiweza, chukua pia ya watoto wa darasa lile lile ambao hawako kwa programu, ndio ujue kama ni wewe ama ni mvua imeisha. Ongeza vitatu tu: bado yuko na menta yule yule, nyumbani imetembelewa mara ngapi, na ameshikwa ama kusimamishwa masomo. "Watoto 600 walifikiwa" haisemi kitu.

Majina yakae kwa faili yenye neno la siri, ripoti ziwe na namba za watoto, sio majina.

Hatua ya 8: pesa na mfadhili

Mfadhili anataka wengi, haraka, kwa mwaka mmoja. Mwambie mapema, kwa proposali yenyewe, kwamba utakuwa na watoto 50 na utakaa nao miaka miwili, na umuonyeshe kwa nini. Wengine wataondoka, na afadhali waondoke sasa kuliko Agosti ukiwa umeshaandikisha watoto. Weka kwa bajeti vitu ambavyo watu husahau: nauli ya boda ya menta, bando na kredito, pesa ya dharura ya hospitali, likizo ya Novemba na Desemba ambapo shule imefungwa na hatari ndio iko juu. Hiyo likizo usifunge ofisi.

Mgeni wa mfadhili akija, asipelekwe nyumbani kwa mtoto kuona umaskini. Akae kwa kikao cha kikundi, nyuma, bila kamera.

Na familia zinahama sana, rent imepanda, ama baba amepata kazi Busia, ama wanarudi tu ushago (kijijini). Usimfute mtoto kwa orodha. Omba mama namba ya simu mbili, andika barua ya kumkabidhi kwa afisa wa watoto wa huko na kwa shule mpya ukiwa na idhini ya mama, na menta apige simu wiki ya kwanza na ya nne, aongee na mtoto mwenyewe, amuulize mwalimu wake mpya anaitwa nani.